Mbuzi wa Mstari wa Mbele

Jumatatu, 3 Agosti 2020

Nimekasirika hata kabla ya chai. Redio imesema tena eti serikali inawakumbuka wahudumu wa mstari wa mbele. Inatukumbuka! Mimi niko mstari wa mbele hapa Kambu tangu mvua ya Aprili, kando ya barabara ya Mombasa, napima joto la madereva wa malori. Mstari gani uko mbele kuliko huu? Nikisonga kidogo tu, trela inanibeba.

Tulipewa aproni ya buluu. Tulipewa bunduki ya kupima joto, moja kwa sisi wote, na imeharibika. Kila dereva ana joto lile lile. Leo nilipima kuku wa mama mkwe, nione. Naye ana joto la dereva wa Mombasa. Nikamwambia Bwana Muthama, msimamizi wetu wa afya. Akasema basi tumshukuru Mungu, hata kuku ni wazima.

Sabuni najinunulia. Maski nilishona kwa leso ya kumbebea mtoto, sasa Kanini wangu analala amefunikwa nusu. Hiyo serikali haijakumbuka.

Lakini leo Bwana Muthama ametuambia marupurupu yanakuja. Kwa simu, kila wiki. Majina yetu yameshapelekwa kaunti.

Najua nitafanya nini na hiyo pesa. Sijamwambia mtu. Naandika hapa tu: mbuzi watatu.

Jumanne, 4 Agosti

Wacha nieleze hao mbuzi, maana hasira yangu yote inaanzia hapo.

Munyao wangu anaziba magurudumu ya malori. Tunapendana. Tuna Kanini, mwaka mmoja na meno sita. Lakini Munyao hajapeleka ntheo kwa baba yangu kule Zombe, wale mbuzi watatu wa kwanza. Na kwa Wakamba bila ntheo hakuna ndoa, hata mkizaa kumi. Corona ilipunguza malori, malori yakapunguza magurudumu, na mbuzi wakabaki maneno.

Mama mkwe ana mbuzi wengi, boma limejaa. Akiulizwa anasema huyu ananyonyesha, yule ana mimba, yule mwingine anampenda tu. Na wageni wakija ananionyesha hivi: "Huyu ni mgeni wetu. Anapika vizuri." Mgeni! Mgeni gani anachota maji mpaka mgongo unalia?

Tena mtoto nimempa jina lake, vile desturi inataka. Kanini kwa kweli ni Mbinya, kama nyanya yake. Lakini nani ataita mbele ya mama mkwe, "Mbinya, toa mchanga mdomoni"? Ndiyo maana tunasema Kanini.

Mpango: marupurupu yakiingia nanunua mbuzi kimya kimya, nampa Munyao, Munyao anapeleka. Atasema ni jasho lake. Nitakubali ni jasho lake.

Alhamisi, 6 Agosti

Kaluki. Ninamwombea kila siku lakini Mungu hafanyi haraka.

Ni mhudumu mwenzangu. Aliolewa kanisani, kwa gari lenye maua. Anavaa glavu kazini, halafu anavaa pete juu ya glavu. Juu! Leo dereva mmoja anaitwa Shire, wa lori la ngano, alimuuliza kama hiyo pete nayo inazuia corona. Nilicheka mpaka maski ikateleza.

Kaluki akanigeukia. Akasema yeye akilipwa anaongeza chumba kwa nyumba ya mume wake. Akauliza mimi nitajenga kwa nani.

Shire naye akaniangalia nikimlenga na ile bunduki. "Dada, wewe unanipima mimi. Wewe umepimwa na nani?"

Hakuna aliyenipima. Narudi nyumbani kila jioni naoga kwa maji baridi nyuma ya choo ndio nimshike mtoto, naye analia akinyoosha mikono na mimi namwambia ngoja, mwaitu, mama yangu, ngoja. Serikali ikitaka kutukumbuka ikumbuke hapo.

Ijumaa, 7 Agosti

Mama amepiga simu kutoka Zombe. Huko Kitui nao wanaandikisha wahudumu wa afya wa vijiji, tena kwa haraka, wanaotosha hawajapatikana.

Nimefikiria siku nzima. Huu si wizi. Corona iko Makueni na iko Kitui. Nilizaliwa Kitui, nimezaa Makueni. Zombe watu wananijua, nikienda kumsalimia mama siku zote nawaambia wanawe mikono. Hiyo si kazi? Kaunti mbili, marupurupu mawili, mbuzi mara mbili haraka.

Nimemwambia Munyao mama anaumwa mguu. Akanipa nauli na machungwa ya mgonjwa. Ni mtu mzuri. Nilikula machungwa njiani, roho ikiniuma kidogo.

Jumamosi, 8 Agosti

Zombe. Nimeandikishwa! Mimi ni mjanja kuliko kaunti mbili.

Kulikuwa na shida ndogo. Naibu wa chifu ananijua tangu nikichunga ng'ombe. Alisema anachukua wakaaji tu, na amesikia niliolewa Kambu. Hapo nikapata akili. Nikamuuliza kama amewahi kuona ntheo yangu, mimi binti Nthiwa. Akafikiria. Akasema hapana. Nikamwambia basi kwa desturi mimi ni msichana wa kwa baba yangu, hapa hapa Zombe, na mtu akikataa alete mbuzi tuwaone.

Alicheka sana. Akaniandika.

Akasema kitu kimoja tu kimebaki. Majina lazima yasomwe kwa baraza, pamoja na hali ya mtu, ili mwenye pingamizi aongee. Nikasema soma tu. Nani atapinga? Nilikuwa nakimbilia lori la ndengu linalorudi Kibwezi.

Jumatatu, 10 Agosti

Kazini. Nimempimia Kaluki joto kwa upendo. Mtu akiwa na siri tamu anakuwa mpole.

Kanini ametembea! Kutoka kwa ndoo mpaka kwa baba yake. Munyao alimshika juu juu akizunguka naye kati ya magurudumu. Nikawaona mbuzi watatu wakitembea nyuma yake barabarani kwenda kwa baba. Karibu nilie.

Jumanne, 11 Agosti

Sijui niandike vipi. Nina hasira, na si kwa mtu mmoja.

Mama amepiga. Baraza lilikuwa jana. Naibu wa chifu alisoma kwa sauti kubwa: Mutindi binti Nthiwa, mhudumu wa afya, hajaolewa, yuko kwa baba yake, ana mtoto mmoja. Mwenye pingamizi? Hakuna. Watu wakapiga makofi.

Nyuma alikuwa ameketi Mzee Mwau. Mwenye kinu cha kusaga mahindi. Mjane tangu mwaka juzi. Meno yake ninayajua yote, si mengi.

Leo asubuhi Mzee Mwau ametuma mbuzi watatu kwa baba. Wanono!

Nikamuuliza mama kama baba amewafukuza. Akasema baba amewafunga kwa mti. Akasema baba amekaa akiwaangalia tangu asubuhi, hata uji amekunywa akiwaangalia.

Baba yangu mzazi! Nikaomba nimwongeleshe. Akasema yeye hana ugomvi na mtu. Akasema alingoja mbuzi wa Kambu mpaka magoti yakaisha, na huyu amekuja chai ikiwa bado moto. Jumamosi wazee watakuja, watachinja mmoja. Wakichinja na kula imekwisha. Mimi ni wa Mwau. Na mtoto anaenda na mbuzi.

Nikasema mtoto ni wa Munyao. Akauliza, Munyao gani? Yeye hajala mbuzi wa Munyao yeyote.

Jumatano, 12 Agosti

Sijasema kitu kwa Munyao. Nina mpango. Nimempigia Mzee Mwau mwenyewe, kumtisha. Nikamwambia mimi napima madereva wa corona kutoka Mombasa kila siku, wanakohoa mpaka kwa uso wangu, pengine niko nayo, afadhali akae mbali.

Mzee akasikitika. Akasema kumbe ninafanya kazi ngumu hivyo na hakuna anayenitunza. Akasema ataongeza na ndama.

Alhamisi, 13 Agosti

Asubuhi Bwana Muthama aliniita kando. Kompyuta ya juu huko imeona kitambulisho changu mara mbili, hapa na Kitui. Akasema ananitoa, na niwaombe wenzangu msamaha kwa sababu sasa wanachunguzwa wote. Nikamwambia mimi ni wa hapa, napigwa na vumbi la hapa.

Akasema, "Mama Kanini, wewe mwenyewe umeiambia serikali ni wa Zombe. Sasa mimi nani niikatae serikali?"

Nikamkasirikia kabisa. Kompyuta imeona kitambulisho changu kwa siku tano tu! Mimi nimesimama kwa lami miezi minne na haijawahi kuniona. Kuiba haraka inaona. Kufanya kazi haioni.

Kaluki alikuwa karibu, anakunja glavu. Alisikia yote. Kufika saa sita mama mkwe alikuwa na habari. Kufika saa saba Munyao.

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Aliendelea kugonga gurudumu kwa nyundo, polepole. Nilimwambia yote, hata machungwa. Nilimwambia nilikuwa namtafutia mbuzi wa ntheo. Akagonga tena. Halafu akauliza:

"Kwa hivyo mimi ni nani wako? Kwa serikali mimi ni nani?"

Nikasema wewe ni baba Kanini. Akasema Jumamosi Mwau akila hiyo nyama, hata huyo sitakuwa. Akaweka nyundo chini na kuketi juu ya gurudumu, amefunika uso kwa mikono ya grisi. Sijawahi kumwona hivyo. Nilitaka kumshika na niliogopa.

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Nilingoja matusi. Hakuniangalia hata. Alikuwa anamwangalia Kanini.

Akauliza, pole pole, kama Mwau anajua jina la mtoto.

Nikasema mama yangu anasema wanamwita Kanini tu.

"Jina lake ni langu," akasema. "Mbinya ni mimi. Sasa mimi, na mvi zangu, niende kuwa mtoto wa Mwau? Nikae kwa kinu nikipakwa unga? Anitume kiti? Yule mwanamume aliwahi kuniposa mimi mwenyewe nikiwa msichana, nikamkataa. Hawezi kunipata kwa mlango wa nyuma."

Hakuna aliyejua hiyo. Hata Munyao aliinua uso.

Akaingia bomani. Tukasikia mbuzi wakilia. Huyu ananyonyesha, yule ana mimba, yule anayempenda tu. Akawatoa hao watatu.

Jumamosi, 15 Agosti

Zombe. Niandike haraka kabla sijasahau sura ya kila mtu.

Tulifika na lori la mtu anayemjua Munyao, mbuzi nyuma, mama mkwe mbele karibu na dereva, maski ameivaa kama bendera. Wazee walikuwa wameketi tayari, mbali mbali, vile serikali inataka. Kisu kilikuwa kimeshanolewa. Kilikuwa kimelala kwa jiwe. Nilikiona hicho tu.

Nilimshika Kanini mpaka akalia.

Mzee Mwau alikuwa na koti. Lazima niseme ukweli, alipendeza. Mama mkwe hakumsalimia. Alisalimia baba, akasalimia wazee, kisha akauliza:

"Baba Mutindi. Hawa mbuzi umefunga kwa mti, wameletwa kwa jina la nani?"

Baba akasema wameletwa kwa jina la mtu aliyekuja.

Mzee Mwau akasimama kwa adabu. Akasema yeye hakuiba bibi ya mtu. "Mimi ni mtu wa kutii serikali. Serikali ilisema hajaolewa. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga makofi zaidi ya wengine."

"Nilikuona," naibu wa chifu akasema. Naye alikuwa amekuja. Nyama haimpiti.

Mama mkwe akasema serikali haijui harufu ya boma lake. Mzee Mwau akamwangalia muda mrefu, akasema bado ana ule mdomo. Mama mkwe akasema na bado haukutaki. Wazee wakatazama chini. Mmoja alikohoa, na hiyo siku hizi ni hatari, wote wakasonga.

Ndipo baba akaniita katikati. Hiyo sikuitarajia. Alikuwa na hasira ya miaka miwili na alitaka kuitua mahali. Akasema naibu wa chifu yupo, wazee wapo, nitamke kwa mdomo wangu mwenyewe. Kama nilivyosema ile siku ndivyo ilivyo, kisu kiko hapo. Kama si hivyo, niseme.

Nilimwona naibu wa chifu anatoa kalamu. Nikajua. Nikisema mimi ni bibi ya Munyao, jina langu la Zombe linafutwa hapo hapo. Kambu nimeshafutwa. Nabaki bure kabisa. Miezi yote hiyo ya vumbi, na sabuni yangu, na leso ya mtoto.

Naandika hapa ukweli, kwa sababu hakuna atakayesoma. Nilifikiria. Kidogo tu. Munyao aliona nikifikiria.

Nikasema, "Mimi ni wa Munyao. Na mtoto ni wa Munyao."

Kalamu ikapita. Chwaa.

Baba alifungua mbuzi wa Mwau mmoja mmoja, kwa uchungu kama anafungua watoto. Akawapokea wetu. Akawapapasa, akaona yule mwenye mimba, uso ukafunguka. Amehesabu wanne! Alichinjwa yule mmoja ambaye mama mkwe anampenda tu. Mama mkwe alienda nyuma ya nyumba asimwone akichinjwa. Nikamfuata. Alikuwa analia. Nikasema pole, mwaitu. Akasema nisimguse, kisha akaniambia nimletee kiti.

Mzee Mwau alialikwa kula. Alikula vizuri.

Nimeolewa.

Jumanne, 18 Agosti

Kambu. Wageni walikuja jana. Mama mkwe akasema, "Huyu ni mke wa Munyao. Si mpishi mzuri lakini tumezoea." Niliosha vyombo nikitabasamu.

Sasa nirudi kwa hasira yangu.

Leo marupurupu yametangazwa. Bwana Muthama alituita wote, hata mimi, nikadhani pengine nimesamehewa. Akasoma kutoka kwa simu. Kwa sasa watakaolipwa ni wa hospitali. Wa vijijini na wa barabarani wangoje awamu nyingine. Lakini serikali inatambua mchango wetu. Akatuomba tusimame tujipigie makofi. Tukajipigia! Kisha kila mtu akapewa kipande cha sabuni.

Mimi sikupewa. Sabuni ilikuja kwa hesabu ya majina.

Kaluki alishika sabuni yake na glavu yake na pete yake, akaiangalia kama mtu aliyepewa jiwe. Chumba chake cha nyongeza kilikuwa kimeishia hapo mkononi. Baadaye kidogo alikivunja kipande kwa goti, akanipa nusu. Nikakasirika zaidi. Hata chuki yangu wamenipunguzia.

Nilisimama barabarani mpaka jioni nikipima watu wote joto la kuku. Kwa nini niliendelea? Sijui. Shire alipita akasema ameona nimenenepa. Nikamwambia nimekula mbuzi.

Jumatano, 19 Agosti

Nimejifunza. Kosa langu lilikuwa Zombe, mahali ninapojulikana. Mtu hadanganyi kwa kijiji chake. Hiyo sasa nimeielewa kabisa na sitarudia.

Sasa, kuna habari mpya kabisa. Mama mmoja anayeuza matunda amenong'ona kwamba Salama, kule juu kwa njia panda, kuna msaada mwingine wa wahudumu wa corona. Huu ni wa uhakika. Unatoka mahali pengine, si pale pa sabuni. Na wanaoanza kulipwa ni wajane.

Salama hakuna hata mbuzi ananijua.

Nimemwambia Munyao mama anaumwa mguu ule mwingine. Ameenda kunitafutia machungwa. Nimeazima leso nyeusi kwa Kaluki, na nimejaribu kulia mbele ya kioo. Kanini alinisaidia, yeye analia vizuri zaidi, nitambeba. Wakiuliza marehemu alikufa na nini, nitasema gurudumu.